Gari la Kitanda cha Mama

Kila nikipita kwa mafundi wa kuchomelea pale Kirumba, harufu ya chuma kilichoungua hunirudisha uani kwetu Mkolani, baba akiunda gari.

Injini ilikuwa ya pikipiki. Magurudumu yalitoka kwenye bajaji iliyokufa. Alipokosa vyuma vya bodi, alikitazama siku nzima kitanda cha chuma alicholalia na mama. Mama ndiye aliyetandua shuka.

"Kikate," alimwambia. "Likiwaka utanitembeza. Lisipowaka utajua pa kunilaza."

Wakahamia mkekani. Jirani mmoja akauliza kama hilo gari litakuja na mito yake.

Asubuhi moja likawaka. Lilitetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa, moshi ukajaa hadi jikoni. Lilikuwa limebanana na ukuta wa nyumba, na baba alikuwa amelitengenezea mlango mmoja tu, wa upande wa dereva.

"Tangulia, mama. Hili gali ni lako," alisema kwa Kiswahili chake cha Kisukuma.

Mama akagusa chuma cha kichwani mwa kitanda, ambacho sasa kilikuwa mgongo wa kiti. Akaingia, akajisogeza mpaka upande wa ukutani, kama alivyolala miaka yote, akapapasa nafasi iliyobaki.

"Njoo basi," alisema.

Siku hizi mama ana kitanda cha mbao, kipana. Asubuhi nikienda kumtandikia, nakuta godoro limebonyea upande wa ukutani. Upande wa pili shuka halina hata mkunjo.