Baba Mkwe Aliyezungumza na Pikipiki

Alinanuswe aliwahi kutengeneza pikipiki ya askari akiwa mjamzito anayekaribia kujifungua, akatengeneza ya mchungaji siku ya Pasaka, na nyingine iliyoopolewa mtoni ikiwa na samaki ndani ya kichujio cha hewa. Hakuna mteja hata mmoja kati ya hao aliyemlazimisha kufunga cheni akiwa amejifunika kanga gubigubi kama mwali. Hilo lilimkuta asubuhi moja ya msimu wa mavuno, pale Igawa, mteja alipokuwa baba mkwe wake.

Kibanda chake kipo kando ya barabara kuu iendayo Iringa, kati ya jiko la Saida, muuza chai na chapati, na kijiwe cha bodaboda. Mumewe, Mika, huendesha trekta la kubeba mpunga huko Madibira na hurudi nyumbani mwisho wa wiki. Kazi ya ufundi Alinanuswe aliijua kabla ya kumjua Mika. Kwa kweli Mika alimjua akiwa mteja, na kwa muda alikuwa akijiharibia breki kwa makusudi.

Ukoo wa Mika ni wa Wanyakyusa wa Rungwe, na kwa wazee wa ukoo huo baba mkwe na mkamwana hawaonani. Si kwamba wana ugomvi. Hawaonani tu. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawapishani njiani. Mmoja akitokea, mwingine anaingia migombani hadi njia iwe nyeupe. Vijana wengi wameuacha mwiko huo, na wengine hupiga picha na wakwe zao harusini. Lakini Mzee Gwakisa hakuwahi kuacha kitu chochote alichokabidhiwa, liwe koti au desturi. Siku ya harusi aliwabariki maharusi akiwa upande wa pili wa ukuta. Kwa miaka yote ya ndoa Alinanuswe alimfahamu baba mkwe wake kwa kikohozi na kwa kisogo.

Wiki hiyo kulikuwa na habari mbaya. Mzee alikuwa ametuma neno kwamba anakwenda Madibira kwa mwanawe. Alitaka mke wa Mika afunge kibanda, arudi Rungwe akachume chai na kumsaidia mama mkwe, maana mwanamke kulala chini ya pikipiki za wanaume barabarani ni aibu kwa ukoo. Mika alimsihi walimalize kwa simu. Mzee akakataa; neno zito, alisema, halipiti hewani. Alinanuswe alijua maana yake. Kwa simu Mika angeweza kubishana na baba yake mpaka salio liishe. Ana kwa ana, angeitikia "ndiyo, baba" kabla hata ya kusikia swali.

Basi asubuhi hiyo alikuwa akipanga spana zake aliposikia kikohozi. Kilianza kwa chini, kikapanda, kikamalizika kwa mguno. Alinanuswe aliangusha spana na kuingia chini ya meza.

"Shoga, umepoteza nini huko chini?" Saida aliuliza kutoka jikoni.

"Mkwe."

"Mkwe umempotezea chini ya meza?"

"Huyo anayekohoa barabarani, Saida! Ndiye baba yake Mika!"

Saida alichungulia. Mzee wa miraba minne, ndani ya koti zito la kijivu, alikuwa akisukuma pikipiki nyekundu yenye mkungu wa ndizi nyuma. Cheni ilikuwa imekatika na kuburuzika vumbini kama utumbo. Alikuwa amelala Chimala kwa ndugu zake na kuanza safari alfajiri, na mashine ikamsaliti nje kidogo ya Igawa.

Dastan, kijana mwembamba kuliko bodaboda wote wa kijiwe hicho, alimpokea.

"Shikamoo, mzee. Cheni imekuaga?"

"Marahaba. Nionyeshe fundi."

"Fundi yupo, ila yuko chini ya meza."

"Anatafuta nini chini ya meza?"

"Anakukimbia wewe, mzee. Ni mkamwana wako."

Mzee Gwakisa aligeuka papo hapo akatazama ukuta wa jiko la Saida. "Nipeni fundi mwingine," akauambia ukuta.

Hakukuwa na mwingine. Mpunga ulikuwa umeiva, na mafundi wote walikuwa mashambani kwao. Dastan alimweleza kwamba msimu ule hata mwinjilisti alikuwa ameshika mundu. Mzee alikohoa, akavuta kigoda cha Saida bila kukitazama, akakaa akiwa amelipa mgongo banda la ufundi. Alinanuswe akatoka chini ya meza kinyumenyume, akaivuta pikipiki ndani kwa tairi la nyuma, akaning'iniza turubai kati yao. Kazi ikaanza.

Mwanzoni Saida ndiye aliyepeleka maneno. Fundi akisema jambo nyuma ya turubai, Saida alilibeba hatua chache na kulitua mbele ya mzee, ambaye alikuwa amelisikia tayari lakini alisubiri kwa adabu. Kisha jibu lilirudi kwa njia ileile. Mpango huo ulidumu hadi harufu ya kuungua ilipotoka jikoni.

"Haya, basi!" Saida alipandisha sauti. "Chapati zangu zinageuka makaa. Mimi nimezaliwa niuze chai, sikuzaliwa niwe simu. Zungumzeni na nani sijui!"

Lori likapita, vumbi likatua. Ndipo Mzee Gwakisa, bila kugeuka, akakohoa na kusema kwa sauti ya mtu anayefungua kikao:

"Pikipiki! Mwambie fundi akufunge cheni tu, niondoke. Jua linapanda na Madibira ni mbali."

Alinanuswe alitazama pikipiki, na pikipiki haikuonyesha kushangaa.

"Pikipiki," akajibu, "mweleze mwenyewe kwamba cheni peke yake haitafaa. Sproketi zako zote mbili, hizi gurudumu za meno zinazovuta cheni, zimekwisha. Meno yamelala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Cheni mpya ikifungwa juu ya meno hayo itaruka, na yenyewe italika upesi. Hivi vitu vinabadilishwa kwa seti."

"Pikipiki, hizo sproketi zimenitoa Rungwe."

"Ndizo zilizokukatia cheni hapo nje, pikipiki."

"Pikipiki, huyu fundi ni mbishi."

"Pikipiki, ubishi ni wa meno, si wangu."

"Pikipiki, na mimi nisalimie!" Dastan akadakia, na kijiwe kizima kikaangua kicheko.

Saida alikuja nyuma ya turubai akijifanya kutafuta mwiko. Akainama sikioni mwa Alinanuswe.

"We mwanamke una akili kweli? Mzee anakwenda kukufungia kazi, halafu unamtengenezea usafiri! Mfungie cheni tu. Si ndiyo anayoitaka kwa mdomo wake? Itamtupa huko porini, neno lake lilale naye."

Alinanuswe alikuwa ameshalifikiria hilo kabla ya Saida, na alilifikiria vizuri. Asingekuwa amekosa. Mteja ameagiza cheni, amepewa cheni. Mashahidi walikuwa kijiwe kizima. Aliishika cheni mpya mkononi, nyororo kwa mafuta yake ya kiwandani, akaipima kwa macho juu ya ile sproketi kuukuu. Lakini pikipiki ikimkwamisha mtu porini haisemi kwamba mwenyewe alikuwa mbahili. Inasema ilitoka kwa fundi gani. Tena aliona aibu nyingine, isiyo na maana, kuyaacha yale meno yaliyolala.

"Pikipiki," akasema kwa sauti ya juu, "sikufungi nusu. Mwenyewe akitaka nusu, akusukume hadi Ilongo akatafute fundi wa nusu."

Mzee alikohoa. Kisha akatoa fedha mfukoni, akazishika nyuma ya mgongo wake kama mtu anayekamatwa, na Saida akazichukua.

Alinanuswe alifungua nati ya ekseli na kulitoa gurudumu la nyuma. Akazikunjua kwa patasi zile bati zinazozuia nati zisilegee, akaitoa sproketi kubwa. Akafungua kifuniko cha upande wa injini, akatoa na ile ndogo, iliyokuwa imejizika ndani ya tope lililochanganyika na grisi. Akasafisha kwa petroli na brashi ya meno. Alipofunga seti mpya aliizungusha kwa mkono na kusikiliza. Akaunganisha cheni, akakibana kiungio kwa kilipu, upande wake uliozibwa ukitazama inakokwenda cheni. Kwa muda huo alisahau kabisa nani ameketi upande wa pili.

Alikumbuka alipofika kwenye kupima mlegeo wa cheni. Cheni haipimwi pikipiki ikiwa tupu. Mtu akikaa, nyuma hushuka, na cheni iliyoonekana sawa huwa imekaza kama kamba ya mbuzi. Na huyu hakuwa mtu mwepesi, achilia mbali mkungu.

"Pikipiki," akasema polepole, "lazima akukalie mtu."

"Dastan akae," mzee akauambia ukuta.

Dastan akakaa. Springi za nyuma hazikushtuka. Kijiwe kikapiga kelele kwamba aongezwe tofali.

"Pikipiki, huyu hatoshi. Bora akukalie mwenyewe."

Hatimaye Mzee Gwakisa alivua koti lake la kijivu, akalitupia kichwani, akalifunga vifungo kuanzia usoni hadi kifuani. Saida alivua kanga yake ya begani akamrushia Alinanuswe, naye akajifunika gubigubi, akalala chini upande wa pili wa gurudumu na kuacha mikono tu nje. Turubai likaondolewa. Dastan, ambaye aliwahi kuwa utingo wa lori, akachukua uongozi.

"Rudi, mzee! Rudi, rudi, rudi! Kata kulia. Lete! Lete nyuma. Kidogo tu. Hapo! Panda!"

Koti likapanda. Springi zikalalamika. Chini ya kanga, Alinanuswe alipapasa cheni kwa kidole, akageuza nati kidogo, akapapasa tena. Gizani humo kidole kiliona vizuri kuliko jicho.

Basi lililokuwa likitoka Mbeya likapunguza mwendo. Abiria wakajaa upande mmoja wa madirisha. Mama mmoja akatoa kichwa.

"Jamani, poleni! Kuna msiba?"

"Hapana, mama," Saida akajibu huku akigeuza chapati. "Ni cheni."

Jua lilikuwa limeshika kasi. Kutoka ndani ya koti ikatoka sauti ya mtu anayeiva taratibu.

"Pikipiki, bado?"

"Pikipiki, bado. Alama za ekseli hazijalingana. Gurudumu litakwenda upande."

Kikohozi. Kisha:

"Pikipiki, niulizie. Huyu fundi akiwa nyumbani, huamka saa ngapi?"

Alinanuswe akasita na spana yake. Aliona neno lenyewe sasa limeanza kutoka. "Alfajiri," akaiambia pikipiki.

"Na akirudi kuishi Rungwe, atapitia wapi kwenda bombani?"

"Mbele ya nyumba kubwa. Njia ni hiyo moja."

"Na jioni?"

"Jioni hiyohiyo."

"Na mimi," koti likauliza, "nitakuwa napitia wapi?"

Alinanuswe alikaza nati ya mwisho na kugonga tairi kwa kiganja, kuashiria kazi imekwisha. Mzee akateremka akishikwa mkono na Dastan, akatazama ukuta, akafungua vifungo. Uso wake, aliyeuona ni Saida peke yake, ulikuwa umelowa kama aliyetoka kuogelea. Alikunywa maji ya Saida kikombe baada ya kikombe. Kisha akasukuma pikipiki yake hadi barabarani, akaiwasha bila kugeuka, akasema "Ndaga", asante ya kwao, kwa pikipiki au kwa hewa, na kushika njia ya Madibira. Cheni ilipita bila mlio wowote. Alinanuswe alisikiliza mpaka mwisho, akaichukia kidogo.

Siku iliyofuata hakupanga spana. Alifagia kibanda kilichokwisha kufagiliwa, akamuuliza Saida ni nani angeweza kununua kompresa, akakataa kusikia jibu. Mchana simu ikaita.

"Baba alifika salama," Mika alisema. "Amekula, amelala, asubuhi hii amesema."

"Nawe ukaitikia ndiyo."

"Nikaitikia ndiyo kabla hajaanza. Lakini sikiliza. Amesema ubaki hukohuko Igawa."

Alinanuswe akakaa juu ya tairi. "Amesema kwa sababu gani?"

"Amesema uwanja wake ni mdogo na umri wake ni mkubwa. Kwako amejificha asubuhi moja tu na nusura azimie. Hawezi kuanza kwenda chooni kwake akiwa na koti kichwani mpaka siku atakayozikwa. Amesema mwanamke wa adabu kama wewe inafaa akae mbali." Mika akashusha sauti. "Jamani, mlifanyaje huko? Koti gani?"

"Na aibu ya ukoo?"

"Hiyo amesema ataivumilia akiwa Rungwe."

Alinanuswe alitazama barabara. Alitaka kucheka, na alitaka pia kutukana, na hakujua kipi kitangulie. Saida alikuwa amesimama na kijiko hewani akisubiri habari.

"Na cheni?" Alinanuswe akauliza hatimaye. "Amesema nini kuhusu cheni?"

"Cheni gani?" Mika akauliza.