Mbuzi wa Kupanda Daraja

Kosa ni langu. Mjukuu wangu Kamau anachezea klabu ya soka ya daraja la pili huko Marekani, iliyoanzishwa na wafanyakazi wa kiwanda, ikafa, ikafufuliwa na mashabiki. Waliposhinda ligi, nilichinja mbuzi hapa Loresho, nikaita wazee wa kanisa tusherehekee timu kupanda daraja.

Tukiwa tunakula, nikampigia, simu kwenye spika.

"Waambie wazee, mwakani mtacheza na nani?"

"Na wale wale, Guka. Huku kushinda hakupandishi timu daraja. Tangu zamani klabu imechukua kombe mara tatu, na bado tuko hapa hapa."

Mzee Njoroge akaweka mfupa chini. "Sasa huyu mbuzi tumemla wa nini?"

Simu ilikuwa bado wazi.

"Guka," Kamau akauliza polepole, "umenichinjia mbuzi?"