Maneno Niliyompa Bwana Sauti

Mtaani walimjua mume wangu kama mchapaji wa kadi za harusi na vitabu vya risiti. Hiyo ndiyo kazi iliyotulisha. Kazi aliyoipenda ilikuwa kuandika michezo ya kuigiza, kuichapa, yake na ya wenzake, kisha kuwahimiza watu wasio waigizaji waicheze: washonaji, wauguzi, mafundi wa tairi, makarani. Mashine ilikaa sebuleni, wageni tukawa tunawaketisha jikoni. Vitabu vya michezo alivichapa kwa karatasi zilizobaki kwenye kazi za watu, ndiyo maana ungekuta ukurasa mmoja mweupe, wa pili wa waridi, wa tatu wa njano. Pale ambapo wachapishaji wengine huonya kuwa haki zote zimehifadhiwa, yeye aliweka: "Igizeni. Mkiwa tayari, tualikeni."

Na walitualika, jamani! Tulikaa kwenye kantini za hospitali, kwenye mabweni, nyuma ya gereji. Tuliona wafalme waliovaa mapazia na maiti waliopiga chafya. Mume wangu alipiga makofi kote. Nikimwambia njiani kuwa mchezo ulikuwa mbovu, ananijibu, "Mbovu, ndiyo. Lakini umemwona yule fundi wa tairi? Wiki nzima anaambiwa leta jeki, leta spana. Leo kasema yeye, watu wakanyamaza."

Mimi nilikuwa mnong'onezi wa kikundi chetu. Nakaa kwenye kigoda nyuma ya pazia la pembeni, kitabu mapajani, na mwigizaji akisahau namrushia maneno kwa sauti ya chini. Wengi niliwasaidia mara mojamoja. Bwana Sauti nilimbeba mgongoni.

Bwana Sauti tulimpa jina hilo kwa sababu ya kifua chake. Alikuwa karani wa manispaa, mwembamba, mwenye aibu, mpaka mume wangu alipomfundisha kusimama na kumwandikia nafasi kubwa kubwa. Akisema "maji", unasikia kiu. Tatizo ni kwamba hakuwahi kukariri hata ukurasa. Alisubiri mnong'ono wangu, akautoa kama ulivyo, bila kuupitisha kichwani. Siku moja dada yangu alikuja nyuma ya pazia akanikanyaga kidole. Nikamwambia, "Dada, sogea, unaniumiza." Bwana Sauti akamgeukia malkia kwenye kiti chake cha enzi, akanyoosha mkono, akanguruma, "Dada, sogea, unaniumiza!" Ukumbi ulivunjika mbavu. Yeye mpaka anavua mavazi alidhani ndivyo ilivyoandikwa.

Kisha akapandishwa cheo, akawa mkuu wa utamaduni pale manispaa, na funguo za ukumbi tuliokuwa tukiigizia zikawa mezani kwake. Kichwa kikavimba. Akatangaza kwamba sanaa lazima iwe na hadhi, na kwamba vikundi vya ridhaa, yaani sisi tusiolipwa, vinauchafua ukumbi. Siku tuliyopanga kuonyesha mchezo wa mwisho wa mume wangu tulikuta kufuli mlangoni. Waigizaji walisimama juani na mavazi yao, rangi za usoni zikiwachuruzika, na wageni waliendelea kuja na kurudi. Mume wangu alikuwa ameshika boksi la vitabu vipya. Hakuliweka chini mpaka mtu wa mwisho alipoondoka.

Kesho yake alikwenda ofisini kwa mwanafunzi wake. Akaambiwa asubiri kwenye benchi. Akasubiri. Mfagiaji akamwonea huruma, akamwambia, "Baba, nenda nyumbani, bosi ametokea mlango wa nyuma."

Daktari alisema ni figo, na mimi sibishani na daktari. Lakini mume wangu alikufa bila kuuona mchezo ule jukwaani, na hilo si figo.

Haukupita muda mrefu, Bwana Sauti huyo akabisha hodi kwangu, suti imemkaa, uso wa msiba.

"Shemeji, tunaandaa kumbukumbu ya kaka. Pale pale ukumbini. Tutaonyesha ule mchezo wake wa mwisho, na mimi mwenyewe nitacheza mhusika mkuu."

"Hongera, shemeji," nikasema.

"Wakubwa wote watakuja. Nataka wajue nilivyomlea yule mzee."

Alivyomlea! Nilishika ukingo wa meza nisije nikamrukia.

"Sasa shemeji, unanijua. Bila wewe sitaweza."

"Nakujua," nikamwambia. "Nitakuja."

Alinishukuru mpaka getini. Niliporudi ndani nilicheka peke yangu, kicheko kilichokuwa hakijanitoka tangu mazishi. Nilikuwa nikitaka kitu kimoja tu: watu wa mji ule wajue nani aliufunga mlango, na wamsikie mwenyewe akisema.

Mchezo unahusu mtu aliyefunga kisima cha majirani kwa kufuli, na mwishoni anasimama mbele yao na kukiri. Mchana wa kumbukumbu ukumbi ulijaa. Wakubwa walikaa mbele. Nyuma yao walikaa washonaji, wauguzi na mafundi wa tairi, ambao safari hii waliruhusiwa kutazama tu. Bwana Sauti aliigiza vizuri, sitasema uongo. Nilimpa kila neno sawasawa, akaniamini.

Ikafika sehemu ya kukiri. Akaja mbele, akafumba macho, akasubiri.

"Ni mimi niliyefunga ukumbi huu," nikamnong'oneza.

"Ni mimi niliyefunga ukumbi huu!" akanguruma.

"Waigizaji wakabaki nje juani na mavazi yao."

"Waigizaji wakabaki nje juani na mavazi yao!" Sauti ilitetemeka kwa uchungu. Mkono ukapanda juu. Viti vya nyuma vikaanza kugutuka.

"Nikamwacha mwalimu wangu kwenye benchi, nikatokea mlango wa nyuma."

Akayachukua maneno hayo na kifua chote. Alipofika kwenye neno "benchi" nilimwona akifumbua macho, lakini mdomo ulishazoea kunitii, ukamalizia wenyewe.

Wakubwa walitazama viatu vyao. Kisha fundi wa tairi mmoja akasimama nyuma kabisa. "Rudia hapo!" akapaza sauti. "Hatukusikia vizuri huku!" Walikuwa wamesikia vizuri sana.

Raha niliyoipata sitaificha. Ilinishuka mwilini kama maji ya baridi, na mpaka leo nikiikumbuka naipata tena.

Bwana Sauti akasogea pembeni, jasho likimtoka, akaniinamia karibu na pazia. "Shemeji," akanong'ona, "neno. Nipe neno."

Neno nilikuwa nalo. Marehemu aliliandika kwa mkono wake, na lilikuwa chini ya kidole changu: "Nisameheni." Najua yeye angempa. Hakuwahi kumwacha mtu jukwaani, hata mbaya wake, na kwa hili angeninunia mwezi mzima. Lakini marehemu ndiye aliyeachwa kwenye benchi, na mimi ndiye niliyebaki na kitabu.

Nikanyamaza, nikimtazama machoni.

Akarudi katikati ya jukwaa. Akafungua mdomo, akaufunga. Watu walimpa muda, nami nilimpa muda, alitafute mwenyewe neno hilo moja. Hakulipata.