Brashi nyepesi ya madirisha ilivyonitenga na mshika ngazi wangu, Nchelenge miaka ya 70

Habari zenu wakuu. Humu mimi ni wa umri wa babu zenu, kwa hiyo mkinishambulia fanyeni taratibu. Hili lilinipata mwenyewe, chumvi sijatia.

Miaka ya sabini nilivuka Ziwa Mweru kutoka Zaire nikaingia Nchelenge, upande wa Zambia. Wenzangu walifuata samaki, mimi nikapata kazi ya kuosha madirisha.

Msicheke. Pale ufukweni moshi wa kukaushia samaki unaganda kwenye kioo mpaka kinateleza. Msimu wa vijidudu vya ziwa ndo usiseme, dirisha zima linakuwa jeusi.

Tulikuwa wawili. Mimi juu ya ngazi, chini ananishikia Ba Chanda, Mubemba mmoja mzee aliyeacha uvuvi. Hiyo "Ba" ni heshima ya kwao.

Anakanyaga kipandio cha chini, mikono yote kwenye ngazi, macho kwangu. Hata mtu akimsalimia haitikii mpaka nishuke. Watu wa pale walishamzoea, walikuwa wanasimama wanasubiri.

Sasa siku moja bosi akaja na brashi ndefu, mpini wa aluminiamu, ya kuoshea madirisha ukiwa umesimama chini. Nikaishika. Nyepesi mno! Roho ikakataa hapo hapo.

Nikamuuliza bosi, "Sasa Ba Chanda atashika nini?"

Akasema tuijaribu kwanza. Hakunitazama usoni. Nikajua tayari, mpini ule ukifika juu, mtu mmoja anatosha na mwingine anaenda nyumbani.

Kilichonichoma zaidi, Ba Chanda mwenyewe alikuwa anaisifia. Na nilishamwona anaongea na bosi nyuma ya mabanda ya samaki, nikisogea wananyamaza.

Nikasema huyu mzee ananichimba. Anataka abaki yeye, mimi mgeni nirudishwe ng'ambo. Permit sikuwa nayo wakuu, na kazi nyingine sikuwa nayo. Hata chai aliyonimiminia nikaacha kunywa.

Siku ya trial tukaenda kwenye ghorofa la mfanyabiashara mmoja. Bosi kasimama pembeni. Nikainua ile kitu, upepo wa ziwa ukawa unaichezea, na ule moshi hautoki. Nikafurahi kimoyomoyo, nikaona mambo yao yamebuma.

Mara mzee huyoo, kaja na ndoo ya maji ya moto kutoka kwa mama wa uji. Ameikumbatia kifuani kama mtoto. Nikachovya brashi, nikapitisha mara moja tu, kioo kikang'aa.

Nikamwangalia kwa jicho baya. Yaani anaipigania hivi!

Bosi akasema imefaa. Halafu akaniachia mimi ile brashi. Ba Chanda akaagwa, kazi yake imeishia hapo.

Nikamkimbilia mzee njiani, nikamuuliza kuna nini. Akanyoosha mikono. Vidole vilikuwa vimevimba viungo, akijaribu kukunja ngumi haifungi.

"Mutoto yangu, ni miye niliomba ile brashi," akasema. "Hii mikono haishike tena. Siku moja ningekuangusha."

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema ningeikataa, ningeendelea kupanda ili yeye asikose kazi.

Na kweli ningepanda. Huyo mzee alikuwa ananijua kuliko nilivyomjua.

Nililia pale pale barabarani, wauza samaki wananiangalia. Yeye ndiye aliyekuwa amekosa kazi, na bado ananibembeleza mimi.

Funzo nililopata ni kwamba ukimshuku mtu, mwendee umuulize. Mimi nilinyamaza, na siku zetu za mwisho za kazi pamoja nikazimaliza nimemnunia.

Kuna mwingine humu aliyewahi kulindwa na mtu akadhani anachimbwa? Andikeni, macho yangu ni mabovu lakini nitasoma zote.