Babu Aliyeacha Kukohoa

Fundi wa friji huyu alikuwa na vipaji viwili. Cha kwanza kilimlisha: aliweza kulisikiliza friji likinguruma akajua linaumwa wapi kabla hajashika bisibisi. Cha pili hakikuwahi kumpa faida yoyote, na baadaye kikaanza kumtia hasara: aliweza kumwigiza baba yake mzazi kiasi kwamba, enzi hizo nyumbani, hata mbwa alikuwa akidanganyika.

Baba mwenyewe, msimamizi wa stoo aliyestaafu, hakuiamini simu. Kwa maoni yake mtu aliye mji mwingine lazima apigiwe kelele. Kila Jumapili mchana alimpigia mjukuu wake, mtoto wa miaka sita ambaye ukoo mzima ulimwita Bi Maswali, na mazungumzo yalianza kwa karipio: "Punguza kelele huko, sikusikii," ingawa huko hakuna aliyekuwa amefungua mdomo. Kisha alikohoa, kikohozi kirefu kama cha mtu anayeburuta kabati sakafuni, ndipo akauliza habari za shule.

Kikohozi hicho ndicho kilichomwondoa. Alizikwa huko huko kwake, na Bi Maswali akaachwa kwa jirani kwa maelezo kwamba wakubwa wana kikao. Tusiwaonee, kikao kweli kilikuwepo. Ndugu walikaa baada ya maziko wakaafikiana kwamba mtoto asiambiwe kwanza, maana bado mdogo, maana ana shule, maana mvua zimeanza. Mama wa mtoto, dada mkubwa wa fundi, ni muuguzi. Wodini huwapa watu habari za aina hiyo kwa upole na bila kuzungukazunguka, na husifiwa sana kwa hilo. Nyumbani ulimi ulimganda.

Jumapili ikafika, na mtoto akakaa kando ya simu. Dada akajifungia bafuni na simu hiyo hiyo, akampigia mdogo wake akimwomba amwigize baba mara moja tu, mpaka wapate njia nzuri ya kumweleza. Fundi alikataa, akaeleza kwa ufasaha kwa nini jambo hilo ni la aibu, kisha akafanya.

Mara moja hiyo ikala miezi. Jumapili mchana fundi alishusha mlango wa karakana nusu, akasimama katikati ya mafriji yaliyofunguliwa migongo, akafoka, "Punguza kelele huko!" Kinyozi wa chumba cha pili, ambaye Jumapili ndiyo siku yake ya wateja, alidhani jirani anagombana na mtu. Alipoelezwa ukweli hakumwonea huruma hata kidogo. Kila Jumatatu asubuhi, akifagia nywele za jana, alimuuliza marehemu anaendeleaje, na kama ana mpango wa kuja kunyoa.

Fundi hakucheka, lakini hakuacha pia. Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia dada yake: kwamba Jumapili mchana baba yao alikuwa anarudi kidogo, na wa kwanza kumsikia alikuwa yeye. Alichoshindwa ni kitu kimoja tu. Alipofika mahali pa kikohozi, hakikutoka, basi akaparuka na kwenda moja kwa moja kwenye habari za shule.

Mwigizaji huharibu kazi pale anapoanza kuifurahia. Siku moja Bi Maswali aliuliza likizo ikifika itakuwaje, na Babu, kwa ukarimu usiotegemewa kwa mtu wa hali yake, akajibu, "Wewe njoo tu, utanikuta."

Likizo ikafika. Bi Maswali akapakia begi mwenyewe: nguo, picha aliyochora, na betri za redio ya Babu, kwa sababu alijua za zamani zimekwisha. Dada alimleta mtoto karakana pamoja na begi lake, bado akiwa na sare za kazini, akaketi kwenye stuli ya wateja.

"Aliyemwalika ni wewe," alimwambia mdogo wake, akatazama sakafu.

Fundi alizima tochi ya gesi aliyokuwa anachomelea bomba. Alikuwa ameandaa utangulizi mrefu wa mbegu zinazoota na majani yanayokauka. Haukutoka.

"Babu amekufa, mama," alimwambia mpwa wake.

Bi Maswali alilitazama friji lililokuwa wazi mbele yake. "Si umtengeneze, mjomba."

Hakuwa anatania. Maisha yake yote alikuwa ameona vitu vikibebwa kuingia humo vikiwa kimya na kutoka vinanguruma. Fundi akachuchumaa ili macho yao yalingane.

"Friji huharibika," alisema. "Halikuwahi kuishi, kwa hiyo haliwezi kufa, na mimi naweza kulirudisha. Babu hakuharibika. Babu aliishi, akazeeka, mapafu yakachoka, moyo ukasimama. Hapo hakuna fundi."

Maswali yakaja mfululizo, na fundi akayajibu moja moja. Hapana, haoni baridi. Hapana, hasikii njaa, wala giza halimtishi, maana mwili uliokufa hauhisi kitu. Hapana, si kosa la mtu aliyemkasirisha. Lile la kama aliumia lilimshinda, na hapo dada ndiye aliyeinua kichwa. Alijibu kwa ile sauti yake ya wodini, ambayo nyumbani haikuwahi kusikika: alikuwapo, pumzi ilipungua polepole, na mkono wa Babu ulikuwa ndani ya mkono wake mpaka mwisho.

"Sasa anayenipigia ni nani?"

"Mimi."

Kwa kinyozi mashine ya kunyolea ilinyamaza. Bi Maswali alimtazama mjomba wake kwa muda, kama mtu anayepiga hesabu ambayo jibu lake halijamfurahisha.

"Ndiyo maana alikuwa hakohoi," alisema. "Mimi nilidhani amepona."

Akalia, na mama yake akalia, na fundi akaona si vizuri kubaki peke yake. Baadaye mtoto akafuta uso kwa gauni, akatangaza kwamba na mjomba hasemi naye, na kwamba begi hafungui, yeye alishaalikwa.

Basi wakaenda kwa Babu wote watatu. Makaburini fundi alimweleza mpwa wake, ambaye sasa alimsikiliza lakini akiangalia pembeni, kwamba mahali hapa watu husema taratibu. Si kwamba waliolala humu wanasumbuka. Ni heshima tu.

"Babu mwenyewe alikuwa anapiga kelele," alisema Bi Maswali.

Hata hivyo alishusha sauti. Alisimama wima mbele ya kaburi, miguu pamoja. "Shikamoo, Babu."

Akasubiri, kama alivyofundishwa. Fundi alihisi koo lake lenyewe likijiandaa kuitikia, akalizuia.

"Haitikii."

"Hawezi, mama."

"Basi tunamsalimia tu."

"Tunamsalimia tu."

Picha aliiacha pale, chini ya jiwe. Betri alizitazama, akauliza kama kweli hatazihitaji, akajibiwa kweli, akazirudisha begini. Kwenye nyumba ya Babu, ambayo shangazi, dada wa marehemu, aliendelea kuitunza, alizitia kwenye redio mwenyewe, na redio ikaanza kusoma bei za mazao kana kwamba hakuna kilichotokea. Watu wazima waliketi kuisikiliza kwa makini wasiyokuwa nayo kwa mazao.

"Mjomba," alisema Bi Maswali baada ya muda. "Mwigize. Lakini na kikohozi."

Fundi akamtazama dada yake, na dada akaitikia kwa kichwa. "Punguza kelele huko, sikusikii," fundi akafoka, na redio ikapunguzwa. Kisha akakohoa. Kilianza kama maigizo kikaishia na machozi.

"Kilikuwa kirefu zaidi," alisema mtoto.

"Na alikuwa anashika meza," alisema dada, akicheka tayari.

Ikabidi arudie, akishika meza. Shangazi alitoka jikoni na mwiko mkononi kuangalia kuna nini, akaishia kumrekebisha na yeye.

Waliporudi mjini ilikuwa Jumatatu. Kinyozi alikuwa anafagia. Akauliza, kama kawaida, marehemu anaendeleaje.

"Amekufa," alisema fundi kwa sauti yake mwenyewe, akapandisha mlango wa karakana wote.