Alikubali kwa Kichwa

Mama Pumba alisaga unga wa watu tangu akiwa msichana, na mashine ile ikamla masikio taratibu, bila yeye kushtuka. Kazini haikuwa taabu. Mle ndani hakuna anayemsikia mwenzake. Mteja huonyesha gunia kwa kidole, akitaka unga laini husugua vidole, na kazi inakwenda. Nyumbani aliishi na mama yake tu, na bi mkubwa alijua la kufanya: husogeza kiti, akaketi naye uso kwa uso, ndipo aanze umbea.

Shida ilikuwa Jumapili, kwa kaka yake mkubwa. Sebule ndogo, televisheni haizimwi, feni inakoroma, watoto wanagombania rimoti, na watu wazima wote wanaongea kwa mpigo. Akigeukia mdomo wa huyu, maneno yamekwisha kuhamia kwa yule. Kifaa cha sikio alichopewa kliniki kilikuza kila kitu, sahani na feni vikiwemo, akakitia mfukoni. Zamani alikuwa akiuliza wamesemaje. Wifi yake alimjibu kwamba si la maana, atamweleza baadaye, na hiyo baadaye haikufika. Binti wa kaka yake aliwahi kutania kwamba shangazi masikio ameyasahau kwenye gunia la mteja. Hilo alilisikia vizuri, maana lilisemwa kwa sauti ya juu, watu wakavunjika mbavu. Tangu hapo akaacha kuuliza. Wakicheka, alicheka. Wakiitikia, naye aliitikia.

Jumapili moja kaka yake aliongea kirefu, kisha wote wakamgeukia yeye, wakasubiri. Mama yake, kwenye kochi la pembeni, alimkazia macho. Mama Pumba akadhani wanausifia unga aliowaletea. Akacheka kidogo, akakubali kwa kichwa.

Jumamosi gari la kaka likasimama mlangoni, kumchukua mama na godoro lake.

“Mama anahamia kwangu,” kaka alimwambia. “Si ulikubali mbele ya watu wote?”

Alisema hakusikia kitu. Kaka akamwambia asiwafanye watoto wadogo. Kama hakusikia, alikuwa anacheka nini? Mama tayari alikuwa garini, mkoba mapajani, hamtazami.

Kesho yake, kwa kaka, alimvuta mama yake kwenye chumba cha wajukuu, akafunga mlango, akamweleza yote: kuitikia asichokisikia, kuchekea asichokijua, miaka na miaka. Bi mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho.

“Nilijua masikio yako mabovu,” alisema polepole. “Lakini kwa kaka yako sikujua kama unaigiza. Nilikutazama usoni, mwanangu, nikingoja useme hapana. Ukacheka.”

Mle chumbani mlikuwa kimya, na kila neno lilimwingia. Akamsihi warudi nyumbani. Mama akasema amechoka kubebwabebwa kama kabati. Alipofikishwa ndipo atakapokaa.

Hakurudi. Siku hizi Mama Pumba huenda Jumapili asubuhi na mapema, kabla sebule haijaamka, angalau akae na mama yake uso kwa uso. Mara nyingi humkuta amelala, na wifi yake, mlangoni, hujiwekea kidole mdomoni kumwashiria asimwamshe.