Safari Iliyokwama Zuzu

Harufu ya mataruma ya reli, yale magogo meusi yanayovuja lami jua likiwaka, bado hunifanya moyo uende mbio. Nikiisikia, nina miaka tisa tena, na ninatembea na rubani.

Rubani mwenyewe alikuwa baba yangu mdogo. Ndege yake ilidunguliwa wakati wa vita vya Kagera, akashuka kwa mwavuli, akashikwa mateka. Ndani ya chumba cha hatua nne alijiokoa na wazimu kwa kutembea, ukuta hadi ukuta, akihesabu, na kila jioni akijiambia amefika wapi kwenye njia ya nyumbani. Tabora, Manyoni, Bahi. Siku alipofunguliwa mlango alikuwa amefika Zuzu, pua na mdomo na kwetu Mkonze.

Wakamrudisha kwa ndege! Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana kwa hesabu yake hakuwa amefika. Zaidi ya miaka kumi alilala kwenye kibanda cha uani, akala kizingitini, hakuoa. Bibi, mama yake, alimsihi aingie ndani mpaka akachoka. Watani walisema treni yake imeharibikia Zuzu, naye alicheka pamoja nao.

Asubuhi moja, miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kujaa madukani, nikiringia yeboyebo zangu mpya, viatu vya plastiki, aliniuliza kama ningependa kutembea naye kutoka Zuzu. Nilirukaruka kama mwanambuzi. Tukapanda gari hadi huko, kisha tukarudi kwa miguu tukifuata reli, mimi nikiruka taruma hadi taruma na kumuuliza mabomu hulia vipi. Yeye alikuwa akihesabu.

Mapaa ya Mkonze yalipoonekana, akasimama. Akageukia Zuzu. Akasema turudi, tutakuja siku nyingine.

Yeboyebo zilikwisha kunichuna visigino. Nikaketi chini nikalia.

“Baba mdogo, mimi siwezi tena. Nibebe, nataka kwa bibi.”

Alivitazama visigino vyangu, akachuchumaa, nikampanda mgongoni. Hakuhesabu tena. Bibi alikuwa akipepeta uwele alipotuona tukikatiza uwanja na kupita kizingiti bila kusimama. Ungo ukamponyoka.

“Mbukwa, mwanangu,” alisema, akimwamkia kwa Kigogo.

Kwa miaka mingi niliona haya kwamba niliiharibu siku ile kubwa kwa kulia na kubebwa. Nilielewa nilipokuwa na mwanangu mwenyewe mgongoni. Mtu mzima akiwa peke yake anaweza kurudi Zuzu hata mara mia. Aliyebeba mtoto anayelilia nyumbani hana njia nyingine.